Mrushaji Anunuliwe kwa Mpira Wake au kwa Matokeo Yake?

Kila Machi, kabla ligi kuu ya besiboli ya Marekani haijaanza msimu wake wa mechi 162 kwa kila timu, mashabiki hukaa mnadani kununua wachezaji wa timu zao za fantasi. Anayecheza FPL, fantasi ya soka ya Ligi Kuu ya Uingereza, ataushika mchezo huu upesi: unaunda kikosi cha wachezaji halisi, na wanachokifanya uwanjani ndicho kinachokupa alama. Tofauti kubwa ni kwamba katika ligi nyingi za fantasi ya besiboli mchezaji mmoja humilikiwa na mtu mmoja tu. Jirani akimchukua, humpati mpaka akuuzie au amwache.

Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulianza mwaka 1980, pale mwandishi Daniel Okrent na wenzake walipoanzisha ligi yao mjini New York na kuipa jina la mgahawa waliokuwa wakikutania, La Rôtisserie Française. Desturi iliyoenea hadi leo ni bajeti ya dola 260 za mnada kwa wachezaji 23. Mezani hapo hakuna ununuzi unaogombanisha watu kama ule wa mrushaji wa kuanza, yule anayefungua mechi na kurusha mpaka achoke au aondolewe. Katika mashindano ya kawaida warushaji huhesabiwa kwa mambo matano: ushindi, kuokoa mechi, straikauti (kumtoa mpigaji bila mpira kupigwa uwanjani), ERA na WHIP. Kuokoa mechi ni kazi ya warushaji wa akiba. Manne yaliyobaki humtegemea sana mrushaji wa kuanza.

ERA ni wastani wa mikimbio anayobebeshwa mrushaji kwa kila inningi tisa, yaani mechi nzima, bila kuhesabu ile iliyoletwa na makosa ya walinzi wake. WHIP ni idadi ya wapigaji aliowaruhusu kufika besi, kwa hiti au kwa besi ya bure, katika kila inningi. Namba hizo zimeandikwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Zinamfaa kweli anayetaka kujua msimu ujao? Nimeliweka swali hilo katika mdahalo, kwa sababu kila upande una ukweli ambao upande mwingine unauhitaji.

MWENYEKITI: Nafungua mjadala. Hoja yetu inasema: mrushaji wa kuanza anunuliwe kwa ubora wa mipira anayorusha, si kwa matokeo yaliyoandikwa mbele ya jina lake. Dada mtoa hoja, karibu.

MTOA HOJA: Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nianze na namba ambayo wanunuzi wengi huitazama kwanza, yaani ushindi. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alimaliza msimu kwa ERA ya 1.70 na kutunukiwa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Rekodi yake ilikuwa ushindi 10 na kushindwa mara 9. Mwaka 2025 Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates akapitia yaleyale: ERA ya 1.97, tuzo ya Cy Young, ushindi 10, kushindwa 10. Ili mrushaji wa kuanza aandikiwe ushindi, ni lazima amalize walau inningi tano, aiache timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee tena. Kutafuta mikimbio ni kazi ya wapigaji wenzake. Kulinda uongozi ni kazi ya warushaji wa akiba. Kwa nini basi tumlipie mtu, au tumnyime bei, kwa kazi ya wengine?

Naenda mbele zaidi. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken aliandika jambo lililowashtua watu wa besiboli. Alitenga matukio yanayoishia kwa mrushaji na mpigaji peke yao, ambayo ni straikauti, besi ya bure na homurani, yaani mpira uliopigwa ukatoka nje ya uwanja. Upande wa pili akaweka mipira yote iliyopigwa ikabaki uwanjani, ambayo walinzi wana nafasi ya kuidaka. Akaonyesha kwamba katika kundi hili la pili warushaji wa ligi kuu hutofautiana kidogo sana, na kwamba namba ya mtu huyohuyo hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Kwa wastani, katika kila mipira kumi inayobaki uwanjani, mitatu hivi huwa hiti. Mrushaji ambaye kwa miezi miwili anaruhusu minne huenda ana walinzi wazito au bahati mbaya. Anayeruhusu miwili huenda anabebwa. ERA na WHIP zimejaa mambo hayo.

Ndipo Tom Tango alipotengeneza kanuni fupi iitwayo FIP. Zidisha homurani kwa 13. Zidisha besi za bure, pamoja na wapigaji waliogongwa na mpira, kwa 3. Jumlisha, kisha toa straikauti zilizozidishwa kwa 2. Gawanya kwa inningi, na uongeze namba ya marekebisho, kama 3.1 hivi, ili jibu lisomeke kama ERA. Mwaka 2023 Spencer Strider wa Atlanta Braves alipata straikauti 281 na ERA ya 3.86, na aliyeitazama ERA peke yake alimwona mrushaji wa kawaida. FIP yake ilikuwa 2.85. Pengo hilo la mkimbio mzima halikutoka kwenye mkono wake.

MCHANGIAJI KUTOKA UKUMBINI: Samahani dada. Hiyo bado ni hesabu ya matokeo, ila umeichuja. Hoja inazungumzia mpira wenyewe. Huo unatazamwaje?

MTOA HOJA: Swali zuri, mdogo wangu. Tuanze na mpira wa kasi. Kutoka kibao cha mrushaji hadi besi ya nyumbani ni mita 18.44. Mpira wa kasi wa kawaida katika ligi kuu siku hizi hukaribia kilomita 152 kwa saa, na humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa aamue kama apige au aache, na gongo lipite wapi.

Sasa tazama vidole. Mrushaji hulaza kidole cha shahada na cha kati kukatiza mshono, na mpira unapotoka, ncha za vidole huuvuta kwa nyuma. Mpira huzunguka kinyumenyume, kwa wastani mara 2,300 hivi kwa dakika, maana yake mara 15 au zaidi kidogo kabla haujafika. Mzunguko huo hubana hewa na kuusukuma mpira juu, nguvu ambayo wanafizikia huiita ya Magnus. Mpira haupandi kwa kweli. Unashuka kidogo kuliko mpigaji alivyozoea, na kwa kuwa macho yake yamefundishwa na maelfu ya mipira ya kawaida, gongo lake hupita chini yake. Anapiga hewa.

Kwa hiyo kasi ni sehemu tu ya habari. Shota Imanaga alitoka Japani akajiunga na Chicago Cubs mwaka 2024. Mpira wake wa kasi ulikuwa karibu kilomita 147 kwa saa, chini ya wastani wa ligi. Lakini anauachia kutoka mahali pa chini, na unashuka kidogo mno, basi ukielekezwa sehemu ya juu ya eneo la straiki unafika na pembe isiyo ya kawaida. Alimaliza na ushindi 15, kushindwa 3, ERA ya 2.91 na straikauti 174. Aliyesoma kipima kasi peke yake alimpita mnadani bila kugeuka.

Tangu kamera za kufuatilia mpira zilipoanza kuingia viwanjani mwaka 2006, na hasa tangu mfumo wa Statcast uenee viwanja vyote vya ligi kuu mwaka 2015, kila mpira unaorushwa una taarifa zake: kasi, mzunguko, mpindo, mahali ulipoachiliwa, mahali ulipopita. Vipimo kama Stuff+, kazi ya Eno Sarris na Max Bay, hukusanya tabia hizo na kuupa kila mpira alama, 100 ikiwa wastani. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kusubiri miezi. Ndani ya mechi chache tu umeshajua mkono huu una nini. Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu, na sisi tumepewa macho ya kuyaona mawingu mapema.

MWENYEKITI: Ndugu mpinga hoja, umesikia.

MPINGA HOJA: Nimesikia, Mheshimiwa Mwenyekiti, na ninamheshimu dada yangu kwa hesabu zake. Lakini mawingu mengine hupita. Tarehe 16 Aprili 2022 Hunter Greene wa Cincinnati Reds, akiwa ndiyo kwanza ameanza ligi kuu, alirusha katika mechi moja mipira 39 iliyofika maili 100 kwa saa au zaidi, yaani kilomita 161. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo tangu mipira ianze kufuatiliwa kwa vyombo. Kila mpenda mipira alimkimbilia. Alimaliza mwaka huo na ERA ya 4.44, na mwaka uliofuata 4.82. Ligi ya fantasi haitoi alama kwa mpindo wala mzunguko. Inatoa alama kwa ERA na WHIP. Waliomnunua kwa bei ya mawingu waliikosa mvua kwa misimu miwili.

MTOA HOJA: Na mwaka 2024?

MPINGA HOJA: Mwaka 2024 alipata ERA ya 2.75, nakiri. Lakini wewe unacheza msimu huu, dada. Mtu aliyekuwa sahihi miaka miwili kabla ya wakati amezipoteza ligi mbili.

Niende upande wa pili. Mwaka 2016 Kyle Hendricks wa Chicago Cubs aliongoza ligi kuu nzima kwa ERA ya 2.13. Mpira wake wa kasi ulikuwa karibu kilomita 141 kwa saa, kasi ambayo leo baadhi ya vijana wa shule Marekani wanaivuka. Kipimo chochote cha ubora wa mpira kingemweka chini. Alikuwa na nini? Alikuwa anauweka mpira anapotaka, na mpira wake wa kupunguza kasi, chenjapu, ulitoka mkononi kwa sura ileile ya mpira wa kasi. Kamera inaona mpira mmoja mmoja, ila mpigaji anaona mfululizo. Mpira wa ndani kifuani humfanya aogope, kisha wa nje chini humkuta ameegemea nyuma. Akili ya namna hiyo haina alama kwenye kipimo chenu.

MTOA HOJA: Naomba nijibu. Walinzi wa Cubs mwaka ule walikuwa miongoni mwa bora waliowahi kuonekana, na mipira mingi iliyopigwa ilidakwa. Mwaka uliofuata ERA ya Hendricks ikawa 3.03, na mwaka 2018 ikawa 3.44.

MPINGA HOJA: Na hizo zote ni namba nzuri! Ondoa walinzi, ondoa bahati, bado anabaki mrushaji wa kununuliwa.

MTOA HOJA: Hapo nakubaliana nawe, na nalirekebisha neno langu. Ninaposema ubora wa mpira, nahesabu na mahali unapopita. Kuelekeza mpira ni mali ya mrushaji mwenyewe kama ilivyo kasi. Imanaga yule niliyemtaja alitoa besi za bure 28 tu katika inningi 173. Bila hilo, mpira wake wa kilomita 147 ungekuwa hatari kwake, kwa sababu hata hivyo alipigwa homurani 27.

MCHANGIAJI KUTOKA UKUMBINI: Sasa mimi mnunuzi nitajuaje kwamba mabadiliko ya mrushaji ni ya kweli, si bahati ya mwezi mmoja?

MTOA HOJA: Tafuta sababu iliyo mkononi mwake. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Gerrit Cole. Mwaka 2017, akiwa Pittsburgh, alirusha inningi 203, akapata straikauti 196 na ERA ya 4.26. Timu ile ilikuwa na falsafa ya mpira wa kuzama, unaorushwa chini ili mpigaji aupige ardhini. Kabla ya msimu wa 2018 akahamishiwa Houston Astros. Kule aliuweka kando ule wa kuzama, akaupeleka juu ya eneo la straiki ule mpira wa kasi wenye mzunguko wa kinyumenyume, na akaongeza mpira wa kupinda unaotumbukia chini yake. Mpigaji akawa hana njia ya kuukinga ukanda wa juu na wa chini kwa wakati mmoja. Mwaka huo alirusha inningi 200 na straikauti zikawa 276, ERA 2.88. Mwaka 2019 zikawa 326, ERA 2.50.

Angalia inningi: karibu zilezile, mkono uleule. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa mipira. Mnunuzi aliyeusoma mchanganyiko huo mwezi Aprili 2018 alijua jambo ambalo ERA ya 2017 isingemwambia kamwe. Mtu akipanda kwa namna hiyo, uliza: ameongeza mpira gani? Ameacha upi? Kasi imepanda? Anasimama mahali tofauti kwenye kibao? Ukikosa jibu, ogopa.

Muda nao una kanuni. Uchunguzi wa Russell Carleton unaonyesha kwamba kiwango cha straikauti huanza kuaminika baada ya wapigaji 70 hivi, yaani mechi tatu au nne. Kiwango cha besi za bure huhitaji wapigaji 170 hivi. Hiti kwenye mipira inayobaki uwanjani huhitaji mipira kama 2,000, ambayo ni misimu kadhaa. Kwa hiyo mwezi Mei usiamini ERA, ila ongezeko la straikauti lichukulie kwa uzito.

MPINGA HOJA: Mheshimiwa Mwenyekiti, bado sijafika kwenye hoja yangu kuu, nayo ni mkono wenyewe. Mpira bora hutoka kwenye mkono unaoumia. Mwaka 2021 deGrom alikuwa na ERA ya 1.08. Hakuna mpira mzuri kuliko ule. Alianza mechi 15 tu, inningi 92, kisha tangu Julai hakuonekana tena msimu ule. Mwaka 2023, akiwa Texas Rangers, akaanza mechi 6, kiwiko kikapasuliwa. Strider ambaye dada amemsifia alianza mechi 2 tu mwaka 2024, naye akapasuliwa kiwiko. Upasuaji wa kano ya kiwiko, uliofanywa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe kwa mrushaji Tommy John mwaka 1974, humweka mtu nje kwa mwaka mzima na zaidi. Desemba 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji, na ikataja kufukuzia kasi na mpindo kwa nguvu zote kuwa miongoni mwa vyanzo. Kipimo cha ubora wa mpira kinasifu kilekile kinachoukata mkono.

MTOA HOJA: Hilo ni kweli na linauma, kwa sababu hawa ni watu, si namba za mnadani tu. Lakini tufanye hesabu kwa utulivu. Chukua mrushaji wa hali ya juu anayekupa inningi 100 kwa ERA ya 2.00, kisha anaumia. Hiyo ni mikimbio 22. Nafasi yake unaijaza kwa mrushaji huru asiye na mmiliki, mtu wa kawaida, inningi 80 kwa ERA ya 4.50, ambayo ni mikimbio 40. Jumla ni mikimbio 62 kwa inningi 180, sawa na ERA ya 3.10. Wawili hao kwa pamoja wamekupa msimu wa mrushaji mzuri sana.

MPINGA HOJA: Katika ligi ya timu kumi, ambako warushaji huru wa maana wapo, sawa. Katika ligi ya timu kumi na tano, wa ERA ya 4.50 ameshachukuliwa, na aliyebaki anakupa 5.50 na WHIP ya kuangusha timu. Na hesabu yako haina bei. Ukimlipia dola 40 kama mtu wa inningi 190, umelipia inningi 90 ambazo hazikurushwa.

MTOA HOJA: Basi tatizo ni bei, kaka. Mwaka 2024 Chris Sale alikuwa ametoka kwenye miaka kadhaa ya majeraha, na kwa sababu hiyo waliomchukua hawakulipa bei ya nyota. Alipata ushindi 18, ERA ya 2.38, straikauti 225, na Cy Young yake ya kwanza. Slaida yake, mpira unaohama kando, ilikuwa bado inakata kama zamani. Aliyetazama mpira na kulipa bei ya mgonjwa alivuna.

MWENYEKITI: Tumsikie mzee wetu, ambaye ameinua mkono kwa muda mrefu.

MZEE WA LIGI: Ahsanteni wanangu. Nyote mnamtazama mrushaji kama amesimama peke yake. Mimi nauliza anarusha wapi, na anamrushia nani.

Uwanja wa Coors Field mjini Denver uko zaidi ya mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, mwinuko unaokaribia wa Nairobi. Hewa ni nyepesi. Mpira uliopigwa husafiri mbali, na mzunguko hauna hewa ya kutosha ya kuushika, hivyo mpira wa kupinda haupindi sawasawa. Mpira uleule uliopata alama nzuri pwani utafika Denver ukiwa butu. Mrushaji mzuri akipangiwa kule, namweka benchi siku hiyo. Uwanja wa Cincinnati nao hutoa homurani kirahisi, na kijana Greene alikuwa anarusha nyumbani pale.

La pili ni mkono wa mpigaji. Kuna slaida pana siku hizi wanayoiita swipa, inayohama kando kwa kiasi kikubwa. Mrushaji wa mkono wa kulia akimrushia mpigaji wa kulia, mpira unamkimbia, anapiga hewa. Akimrushia mpigaji wa kushoto, mpira unamjia kwa upinde ambao anauona mapema. Ndiyo maana mrushaji mwenye mpira wa kasi na swipa tu hunitia wasiwasi, hata kama yote miwili ina alama 120. Kocha wa timu pinzani atampangia wapigaji wa kushoto saba. Anahitaji silaha ya tatu, na mara nyingi hiyo ni chenjapu. Mtazameni Tarik Skubal wa Detroit Tigers, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Mpira wake wa kasi hukaribia kilomita 156 kwa saa, na chenjapu yake hupungua kwa kilomita 16 hivi, kwa mwendo uleule wa mkono, ikimkimbia mpigaji wa kulia. Wapigaji wa kulia, ambao ndio walipaswa kumsumbua, wakawa hawana pa kushika. Mwaka 2024 aliongoza ligi yake kwa ushindi 18, ERA ya 2.39 na straikauti 228, mambo yote matatu kwa pamoja.

La tatu ni mzunguko wa tatu wa wapigaji. Mpigaji akishamwona mrushaji mara mbili katika mechi, mara ya tatu anampiga vizuri zaidi. Makocha wanalijua hilo, kwa hiyo mwenye mipira miwili huondolewa inningi ya tano, hapati ushindi, na straikauti zake zinaishia hapo. Mwenye mipira minne anaachwa aendelee. Msinitenganishie ubora wa mpira na wingi wa inningi. Silaha nyingi ndizo zinazomfanya mtu aaminiwe na kocha wake.

MPINGA HOJA: Mzee, umesema nilichokuwa nakitafuta. Mimi sikukataa mpira. Nilikataa mpira mmoja kuuzwa kama mrushaji mzima.

MTOA HOJA: Nami sikukataa matokeo. Straikauti na besi za bure ni matokeo pia, ila ni yale ambayo yeye mwenyewe anayamiliki.

MWENYEKITI: Basi nitoe uamuzi. Hoja inapita, kwa marekebisho mawili ambayo pande zote zimeyajenga.

Rekebisho la kwanza: ubora wa mipira usisomwe kwa mpira mmoja. Usomwe kwa fungu zima, pamoja na uwezo wa kuielekeza. Mnunuzi aulize mpira wa kasi unamfikiaje mpigaji, na si kasi yake tu. Aulize ni upi unaowapigisha hewa wapigaji wa mkono ule mwingine. Aulize besi za bure ni ngapi. Mrushaji mwenye majibu ya kuridhisha kwa maswali yote matatu, ERA yake ya mwaka jana ikiwa mbaya, ndiye bidhaa bora mnadani, kwa sababu wengine wanaitazama ERA hiyo na kushusha mikono. Strider wa 2023 alikuwa bora kuliko 3.86 yake. Cole wa 2017 alikuwa na mkono wa nyota ndani ya mpangilio usiomfaa.

Rekebisho la pili: bei ifuate inningi zinazotarajiwa. Ubora hukuambia kila inningi ina thamani gani. Historia ya mkono, umri, na kasi ya mpira mwezi Machi ikilinganishwa na mwaka uliopita, hukuambia utapata ngapi. Zidisha vyote viwili kabla hujataja bei. Anayecheza ligi yenye warushaji huru wengi anaweza kuthubutu na mkono wenye hatari. Anayecheza ligi ya timu kumi na tano anunue kwanza mtu atakayesimama kila siku ya tano, kisha athubutu na mmoja tu.

Ninayo imani moja ambayo mjadala huu umeizidisha. Namba isiyo na mpira wa kuieleza haifai kulipiwa, na mpira usio na straikauti za kuuthibitisha baada ya wapigaji sabini bado ni ahadi, ulipiwe kama ahadi. Anayeweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mrushaji huyu atawapigisha watu hewa mwaka huu, na kwa sentensi ya pili ni inningi ngapi anazitarajia kutoka kwake, ana haki ya kupandisha dau. Asiyeweza, amwachie jirani yake, abaki na dola zake kwa mrushaji anayemfahamu.